Wa Kumi na Tatu

Vishikwambi vilikuwa kumi na viwili. Nilivihesabu
kama anavyohesabu vikombe mwenye shughuli aliyeazima kwa jirani.
Wanafunzi sitini na wanane, watano watano, sita sita,
vichwa vimegongana juu ya kioo kimoja.
"Mwalimu, Ombeni anabonyeza kabla hatujakubaliana!"

Umeme tuliuvuta kwa waya kutoka kwa Mama Kilewo, mhasibu.
Bando ni langu, gigabaiti moja na nusu.
Projekta tuliilaza juu ya vitabu vinne vya Kemia
maana mguu wake mmoja ulibaki Morogoro, kwenye semina.

Majina yakaanza kuchipuka ukutani:
Wazee wa Kazi, Mnyama, Wananchi,
Buza Juu, Atomu Iliyochoka,
na darasa likacheka kila jina lilipotua.
Nikahesabu tena.
Kumi na tatu.
La mwisho liliandikwa kwa herufi ndogo:
bado nipo.

Nikauliza, nani huyu? Wakatazamana.
Nikapita kati ya madawati, kioo hadi kioo.
Hakuna.
Kidole changu kilishafika juu ya neno Ondoa
(mashine ni pole, hukuachia umfute mtu bila kelele)
lakini saa ilikuwa imeanza kurudi nyuma,
swali la kwanza limefunguka.

Swali la nne:
maji yakiganda, ujazo wake hufanyaje?
Hupungua, lilisema darasa,
na nguzo nyekundu ikapanda hadi kwenye ufa wa ukuta.
Kitu kikishikwa na baridi hujikunyata, si ndivyo?
Hata mtu.
Makundi kumi na mawili, yote yamekosa.
bado nipo, sekunde tatu: Huongezeka.

Hili sikuwa nimelifundisha. Ni la wiki ijayo,
nililichomeka makusudi nione watakavyojikwaa.
Anayelijua kabla ya ukurasa wake
ni yule aliyewahi kujaza chupa hadi mdomoni,
akailaza kwenye friza la shangazi,
asubuhi akaikuta imepasuka tumbo,
akatukanwa kwa hasara ya shilingi mia tatu.

Nikafungua rejesta.
Namba hamsini na tatu, Sikudhani Mrope.
Siku kumi na tisa za sifuri, na mbele yake
mwandiko wangu mwenyewe, wino mwekundu: mtoro.
Jana usiku nilituma namba ya kuingilia kwenye kundi la wazazi.
Mmoja alijibu kwa picha ya kidole gumba. Wengine, kimya.
Sikudhani, nilisema, na sikujua
kama nimemwita au nimekiri.

Nikaongeza swali la kumi na moja papo hapo,
mgongo nimelipa darasa:
Uko wapi?
A. Nyumbani. B. Sokoni. C. Hospitali. D. Narudi Jumatatu.

Wakabonyeza kwa fujo, kama kawaida yao.
Wazee wa Kazi wakalazwa hospitali.
Atomu Iliyochoka ikaenda nyumbani.
Sekunde ishirini. Kumi. Nne.
B.
Halafu jina likafifia, likawa la kijivu:
ametoka.
Labda mteja amefika.

Mama Kilewo akaja kudai waya wake.
Ombeni, kishikwambi amekikumbatia, hataki kukirudisha:
"Mwalimu, sasa tumefungwa na nani?"
"Na barafu," nikamwambia,
na akaniangalia kama mtu anayesubiri sehemu ya pili.

Mchana, ofisini, rejesta ikanishinda.
Safu ya leo, namba hamsini na tatu:
vema siwezi, hakukaa kwenye dawati.
Sifuri nayo siwezi.
Nikaweka nukta, kwa penseli, ndogo,
mkaguzi atadhani ni uchafu wa nzi.

Friza hilo sijui liko mtaa gani.
Soko la Tandika lina vipoozeo vingi
na mimi nina vipindi hadi saa tisa.
Nimetuma namba ya wiki ijayo mapema.
Hakuna kidole gumba bado.